Kisu cha Mzee Kondo

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudisha Kipawa haraka kuliko picha yoyote. Mama alikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, akishonea sare za shule za watoto wa mtaa, na kichupa chake cha mafuta hakikukaa mahali pake hata wiki moja, kwa sababu kila Ijumaa jioni Baba alikichukua kwa ajili ya bunduki. Aliketi barazani juu ya kigoda, akatandika gunia mbele yake, akavuta kitambaa kilichofungwa kwenye kamba kupitia ndani ya mtutu, akarudia na kurudia, mpaka kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia. Ndege zilipita juu ya bati letu zikishuka uwanjani, na kila ikipita moja Baba alisimamisha mkono, akangoja kelele ziishe, kisha akaendelea. Mafuta yale, yakichanganyika na vumbi la mpingo lililokuwa limeganda kwenye nguo zake za kazi, ndiyo yaliyonijulisha kwamba kesho tunakwenda Kinyerezi kuwinda.

Baba aliitwa Kasiani. Alikuwa mchongaji, mtu wa Kusini, aliyekuja Dar es Salaam akiwa kijana na patasi zake kwenye mfuko wa turubai. Bunduki ile, raifo ya zamani yenye kitako kilichofifia rangi kwa jasho la viganja, aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa mwindaji huko Masasi. Ilikuwa na kibali, na kila mwaka Baba alivaa shati lake la kanisani akaenda nayo polisi kuikagulisha. Kwetu sisi watoto ilikuwa na sheria nyingi kuliko msahafu na Biblia vikiwekwa pamoja. Haikuelekezwa kwa mtu hata ikiwa tupu. Haikuvushwa korongo ikiwa na risasi ndani. Haikuguswa na mtu aliyekasirika. Risasi zenyewe zilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, na baadhi zilikuwa kuukuu kuliko mimi, kwa maana kupata mpya kulikuwa shida, na Baba alizitunza kama mtu anavyotunza mbegu.

Kinyerezi ya wakati huo ilikuwa mashamba. Mtu akiniambia leo kwamba anakwenda Kinyerezi anamaanisha nyumba, maduka na mitambo ya umeme. Sisi tulimaanisha mihogo, mikorosho, mabonde yenye matete, na njia za mchanga zilizopitwa na malori ya wachimba mchanga. Watu wengi wa Kipawa walikuwa na vipande vyao huko. Cha kwetu kilipakana na cha Mzee Kondo, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta kule mjini, Mzaramo ambaye ukoo wake ulikuwepo kabla uwanja wa ndege haujafikiriwa. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye mikono mipana, na kazi yake mtaani aliijua kila mtu: yeye ndiye aliyechinja. Ikiwa harusi, ikiwa hitima, ikiwa maulidi, ikiwa Idi, mnyama alipelekwa kwa Mzee Kondo. Kisu chake kilikuwa chembamba, kirefu, kimerithiwa kwa baba yake, na mpini wake ulipopasuka Baba ndiye aliyemchongea mwingine wa mpingo. Alikificha chini ya kanzu ili mnyama asikione. Alimlaza mbuzi polepole, akamwelekeza Kibla, akamnong'oneza maneno ambayo hatukuyasikia, na mbuzi alitulia. Niliwahi kumwona mama mmoja akilia kwa jinsi mbuzi wake alivyokufa bila kuhangaika.

Mwaka ninaousimulia, nguruwe pori walikuwa wameingia mashambani kama wenye mji. Wakati wa likizo ya mwezi wa sita, upepo wa kusi ukivuma na mihogo ikiwa imenenepa chini, ungekwenda shambani asubuhi ukakuta tuta zima limefukuliwa, mizizi imetafunwa nusunusu na kuachwa. Bi Tatu, mke wa Mzee Kondo, alikaa chini katikati ya shamba lake siku moja akaomboleza kama aliyefiwa. Ndipo Baba na Mzee Kondo wakapatana kwamba kila Jumamosi tutakwenda kuwawinda mpaka wahame. Na kwa kuwa kwenye korongo lililopita kando ya mashamba kulikuwa pia na paa na funo, wanyama wadogo wa jamii ya swala wanaokula majani ya kunde, wakapatana na jambo la pili, lililohusu visu.

Vilikwenda visu viwili. Akianguka paa au funo, Mzee Kondo angemkimbilia angali hai, amchinje kwa jina la Mungu, na nyama ile ingeliwa na mtaa mzima, Mwislamu kwa Mkristo. Akianguka nguruwe, Mzee Kondo angegeuka, aondoke zake mpaka kwenye mikorosho, na kazi iliyobaki ingekuwa ya Shangazi Melania. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa Baba, mjane, mwembamba, mwenye macho yasiyopitwa na unyayo wala unyoya. Kisu chake kilifuliwa na wahunzi wa mtaa wa Gerezani kutoka kwenye springi ya lori, kizito, kimezungushiwa mpira wa baiskeli kwenye mpini. Kilikaa kwenye gunia lake peke yake, na gunia halikugusana na lingine. Nyama ya nguruwe ilipikwa kwenye sufuria yake, nyuma ya nyumba, upepo ukiwa umeelekea kwetu. Hakuna aliyetuamuru hivyo. Baba na Mzee Kondo walikubaliana siku moja wakinywa kahawa, na sikumbuki kama ilichukua muda hata wa kikombe kupoa.

Mimi nilikuwa msichana wa kama miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa kelele. Nilibeba debe tupu na kipande cha chuma. Shangazi na mimi tulikwenda upande wa juu wa korongo, tukaligonga debe na kupiga vigelegele, na wanyama waliolala kwenye matete wakashuka kwa chini, ambako Baba alikuwa amepiga goti kwenye njia yao. Mzee Kondo alikaa nyuma yake kidogo, kwa kuwa paa aliyepigwa hangoji. Nilipenda sana zile Jumamosi. Nilipenda baridi ya umande miguuni, na mhogo wa kuchoma wa asubuhi, na vile Shangazi alivyoinama akagusa udongo kwa kidole akasema huyu kapita sasa hivi, huyu kapita jana, huyu ana mimba. Tulipata paa mara kadhaa, na nguruwe wawili wadogo. Mtaa ulikula. Bi Tatu alianza kucheka tena.

Jumamosi ile haikuanza na dalili yoyote. Watu wakisimulia mambo ya namna hii husema moyo ulikuwa mzito, au bundi alilia. Wangu ulikuwa mwepesi, na bundi hakuwepo. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mikorosho. Tuligonga debe, matete yakatikisika, na akatoka dume mmoja mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwaona, mweusi, manyoya ya shingoni yamesimama. Nilimwona vizuri kwa sababu tulikuwa tumesimama ukingoni na korongo lote lilikuwa wazi chini yetu. Bunduki ikalia. Nguruwe akaanguka kwa mbele, akainuka, akaingia kichakani. Sheria ilikuwa kwamba baada ya mlio tunanyamaza na kusimama pale pale mpaka Baba apige mbinja. Tukanyamaza. Nikamwona Mzee Kondo akigeuka, kama ilivyo desturi yake, akianza kupanda polepole kuelekea kwenye mikorosho. Baba alivuta komeo la bunduki nyuma na mbele, akakisogelea kile kichaka.

Nguruwe hakungoja kusogelewa. Alitoka akiwa ameinamisha kichwa. Baba alikuwa ameshalenga, nami nikaziba masikio kungoja kishindo, lakini kilichosikika ni mlio mdogo tu wa chuma kugonga chuma. Risasi ilikuwa imekufa. Basi. Bunduki iliyokuwa na sheria zote zile, iliyopakwa mafuta kila Ijumaa, ikawa gongo mkononi mwa mtu. Nguruwe alimchota Baba miguu, Baba akaanguka chali, na yule mnyama akawa juu yake, anachimba, anachimba kwa chonge zake kama anavyochimba muhogo. Baba hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Niliona mguu wake ukipiga ardhi, na suruali yake ya kaki ikigeuka rangi, na hakutoa sauti.

Shangazi alikuwa ameshaanza kuteremka. Alikimbia kwa namna ambayo sikujua mtu wa umri wake anaweza, lakini tulikuwa mbali, na kulikuwa na miiba, na khanga yake ikanasa. Nikaona mtu mwingine akikimbia. Mzee Kondo alikuwa amegeuka tena. Alishuka ule mteremko kwa hatua kubwa, kanzu ameikunja kiunoni, na sikuona ametoa kisu saa ngapi. Alimrukia nguruwe mgongoni. Alimkumbatia shingo kwa mkono wa kushoto, kifua chake kikalala juu ya manyoya yale yenye matope, shavu lake likashikana na sikio la mnyama, na mkono wa kulia ukaanza kwenda na kurudi chini ya mguu wa mbele wa nguruwe. Mtu yule ambaye hakuwahi kusimama hata upande ambao upepo unatoka kwenye sufuria yetu. Mkono ulikwenda na kurudi. Nguruwe alilia kilio kirefu, cha kibinadamu, kisha sauti ikakatika. Miguu yake ikanyooka. Mkono uliendelea kwenda na kurudi.

Shangazi alipofika alimshika kifundo cha mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Baba Mwajuma," alisema. "Basi. Amekwisha kufa."

Mzee Kondo alimtazama kama mtu anayeitwa kwa jina lisilo lake. Nami nilikuwa bado juu ukingoni, debe mkononi; nikalitupa, nikaanza kushuka.

Niliyoyaona nilipofika chini nayakumbuka vipande vipande. Shangazi alirarua khanga akalifunga paja la Baba kwa juu, akaikaza kwa kijiti. Baba, uso umekuwa wa majivu, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba itolewe ile risasi bundukini. Mkono wake wa kushoto nao ulikuwa umechanika, kuanzia kiwiko kuja chini. Mzee Kondo alikuwa amepiga magoti, kanzu nyeupe imelowa mpaka shingoni, anaitazama mikono yake ilivyo, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Nguruwe tulimwacha pale pale alipolala na hakuna aliyerudi kumfuata. Mzee Kondo akainuka, akachuchumaa mbele ya Baba, akambeba mgongoni kama anavyobebwa mtoto, akapanda naye lile korongo. Shangazi alichukua bunduki. Mimi nilibeba gunia lenye kisu cha nguruwe, na hapo ndipo nilipotambua, kwa mshangao ambao hata leo sijui niuweke wapi, kwamba kisu cha nguruwe kilikuwa kikavu na kisafi, na kile cha halali ndicho kilichokuwa kikidondosha damu njia nzima.

Barabarani tulisimamisha lori la mchanga. Dereva alikuwa kijana mwenye kofia ya viua, na alipoona watu wanne katika hali ile aliruka chini, akasaidia kumlaza Baba juu ya mchanga. Kisha akamgeukia Mzee Kondo, akampa shikamoo, akauliza kwa adabu damu ile yote ni ya nini.

"Ya nguruwe, na ya ndugu yangu," Mzee Kondo alijibu. "Endesha."

Hospitali walimshona Baba paja na mkono, wakamlaza majuma kadhaa. Muuguzi aliyefunga mkono aliuliza kwa nini kidonda kile kimenyooka hivyo wakati cha pajani kimechanika ovyo. Baba akasema chonge za nguruwe hazina mpangilio, akafumba macho. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni. Sikutilia maanani. Kwa siku nyingi baada ya hapo sikuweza kula nyama ya aina yoyote, wala kusikia mtu akigonga sufuria bila kuziba masikio. Mama alinitia maji ya uvuguvugu kichwani jioni, akisema mshtuko ukikaa kichwani unageuka homa.

Mtaani habari ilifika kabla yetu. Mdomo ni jumba la maneno, na Kipawa kulikuwa na midomo ya kutosha. Mwanzoni watu walikuja kwa wingi kumpa pole Bi Tatu na kumsifu mumewe. Shangazi alikuwa akirudia methali moja kwa kila mgeni, kwamba wazee walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na kwamba wazee, Mungu awarehemu, safari hii walikosea, maana huyu hata kula hakuwahi kula naye ile nyama. Lakini sifa zina siku zake. Baada ya muda yakaanza maneno mengine, ya pembeni, kwenye bomba la maji na kwenye foleni ya mafuta ya taa. Kisu cha Kondo kimeingia ndani ya nguruwe. Kimeingia mpaka mpini. Sasa mbuzi wa hitima atachinjwa nacho? Shehe wa msikiti wa mtaa alilisikia, akalijibu waziwazi baada ya sala: kwamba aliyeokoa roho hana dhambi, na kwamba chombo kilichoguswa na nguruwe kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kikishaoshwa kimetoharika, basi. Mzee Kondo alikiosha uani kwake, Bi Tatu akimmiminia maji, watoto wote tukiwa tumepanda ukutani kutazama. Alisugua kwa udongo mpaka chuma kikang'aa. Kisha akakianika juani, akaingia ndani, na hakukishika tena.

Ilifika Idi ya kuchinja. Miaka yote siku hiyo mlango wa Mzee Kondo ulikuwa na foleni ya mbuzi. Mwaka ule watu walikuwa wamemwita mchinjaji kutoka Mtoni, na tuliwasikia mbuzi wakilia kwenye nyua za wengine. Baba alikuwa amerudi nyumbani, anatembea kwa magongo. Asubuhi ile alivaa shati lake la kanisani, akaniamuru nimfungue beberu aliyekuwa amefungwa nyuma ya nyumba tangu jana, ambaye hakuwa amemwambia mtu ni wa nini. Tukatoka. Nilimvuta beberu, Baba nyuma yangu, gongo, mguu, gongo, mguu, katikati ya mtaa, watu wakitoka msikitini na kanzu zao mpya wakisimama kututazama. Safari ya mita chache za ukuta kwa ukuta Baba aliifanya ya mtaa mzima, maana alipita kwa mbele, njia ndefu.

Mzee Kondo alikuwa ameketi uani peke yake, kanzu safi, tasbihi mkononi. Alimtazama beberu, kisha Baba.

"Mrudishe, Kasiani," alisema. "Mie sichinji tena."

Baba alijishusha kwenye benchi, akanyoosha mguu wake mbovu. Akasema amesikia aliyosema shehe, na kwamba yeye si mtu wa dini ile lakini maneno yale ameyaelewa.

"Watu wanadhani nakiogopa kisu kwa sababu ya nguruwe," Mzee Kondo alisema. Alikuwa anasema taratibu, kama anayetoa mwiba. "Kisu nimekiosha, kimetakata. Mie nauogopa mkono. Nimechinja tangu kijana, na sikuwahi kumchoma mnyama kwa hasira. Siku ile yule alikuwa amekwisha kufa, na mie bado nachoma. Nilitaka kuchoma. Unanisikia? Sikujua tena nachoma nini."

Mimi nilikuwa nimesimama na kamba ya mbuzi mkononi, na nilijua ni kweli. Nilikuwa nimeuona ule mkono ukiendelea. Nilikuwa mtoto pekee duniani aliyeuona.

Baba alikunja mkono wa shati lake la kanisani, polepole, mpaka kwenye kiwiko. Kovu lilikuwa bado jekundu, limenyooka kama mstari wa rula.

"Najua," alisema. "Huu si wa nguruwe. Huu ni wako."

Sauti za mbuzi wa majirani zilikuwa bado zinasikika, na redio mahali fulani. Bi Tatu, aliyekuwa mlangoni na sinia, aliliweka chini. Mzee Kondo aliutazama ule mkono, na uso wake ukafanya jambo ambalo sikuwahi kuona uso wa mtu mzima ukifanya: ulivunjika. Aliweka kiganja chake kipana juu ya kovu lile, kama anayetaka kulifuta, akalia bila kujificha, mbele ya mtoto wa jirani na mbele ya mbuzi. Nami ndipo nikamkumbuka muuguzi na swali lake, na macho ya Baba yakifumba. Alikuwa amelijua tangu siku ya kwanza. Angeweza kulichukua kaburini. Alilitoa siku hiyo tu, kwa sababu aliona rafiki yake anazama na hakuwa na kamba nyingine ya kumtupia.

"Ungekuwa umengoja mkono utulie," Baba alisema, "ningekuwa nimezikwa. Bi Tatu, naomba utuletee hicho kisu. Mie nitashika miguu."

Ilichukua muda. Mzee Kondo alitawadha, akarudi, akasimama juu ya beberu mpaka nikafikiri hatainama kamwe. Kisha akainama. Baba, mguu mmoja umenyooshwa kando, alishika miguu ya mnyama kwa mkono wake wenye kovu. Yale maneno ya kunong'ona safari hii niliyasikia, kwa kuwa nilikuwa karibu: alikuwa anamwomba beberu radhi. Akakata mara moja, na beberu hakuhangaika.

Nilipofungua mlango wa uani nitoke nje nilikuta watu wamesimama pale, wengi. Sijui walisikia kiasi gani. Shehe alikuwa wa kwanza kuingia na bakuli mkononi mwake. Wengine walimfuata. Wengine waliinamisha macho wakaenda zao, na baadhi ya hao, nisiwasingizie, hawakula tena mkononi mwa Mzee Kondo mpaka mtaa wetu ulipovunjwa kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege na kila mtu kuhamia alikohamia.

Baba hakuwinda tena. Aliirudisha raifo polisi akiwa na karatasi zake zote, akasema asiyeiamini bunduki hana haki ya kuishika. Alichonga mpaka macho yalipomkataa, na amekufa miaka mingi sasa. Shangazi Melania alimtangulia. Mimi nimejenga Kinyerezi, si mbali na lile korongo, ambalo limejazwa kifusi na kuwa safu ya fremu za maduka. Usiku taa za mitambo ya gesi zinafanya anga kuwa la rangi ya chungwa, na nguruwe pori mwanangu amemwona kwenye runinga tu. Nyumba ni nzuri. Kuta ni ndefu, na juu ya kuta kuna nyaya. Jirani yangu wa kushoto namjua kwa rangi ya geti lake. Mwaka huu mtu alifungua banda la kitimoto, nyama ya nguruwe ya kukaanga, karibu na barabara ya msikiti, na kwenye kundi letu la simu watu wa mtaa walitukanana kwa siku nyingi, kwa maandishi marefu, watu ambao hawajawahi kuonana sura. Nilisoma yote. Nilitaka kuandika kwamba jambo hili lilikwisha kukubaliwa hapa hapa, na watu wawili waliokuwa wanakunywa kahawa. Niliandika, nikatuma. Mmoja akajibu kwa kuuliza mimi ni nyumba namba ngapi.

Mzee Kondo yu hai. Anaishi Chanika kwa binti yake, Mwajuma, na ni mzee sana. Akili yake inakuja na kuondoka. Nilikwenda kumwona baada ya ugomvi ule, nadhani kwa sababu nilitaka kukaa na mtu aliyejua. Mwajuma alinionya barazani kwamba hatanitambua, kwamba hata yeye kuna siku humwita kwa jina la mama yake. Nikaingia, nikampa shikamoo, nikakaa chini kwenye mkeka karibu na kitanda chake. Alinitazama kwa muda mrefu. Mikono yake imebaki mifupa, lakini bado ni mipana.

"Wewe ni wa Kasiani," alisema. "Mguu wake umepona?"

Nilimwangalia Mwajuma, na Mwajuma akainamisha kichwa. Nikasema umepona, babu.

"Na mkono?"

Nikasema nao umepona, siku nyingi, na hata alama haionekani. Akaitikia kwa kichwa, akafumba macho, akalala.